Mshumaa wa Taifa na Pumzi za Chumvini

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ila ukiulizwa nani kakusimulia habari zake, sema uliota. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi inahitaji: bendera, wimbo, mawaziri arobaini na wawili, na mshumaa mmoja. Mshumaa huo uliwashwa siku Mlezi wa Taifa alipokalia kiti, ikatangazwa kwamba utakapozimika nayo nchi itazimika. Ulikuwa mnene kama kinu, ukakaa juu ya meza ya marumaru mbele ya Bunge, na walinzi wake wawili waliapishwa kutopiga chafya. Kila ulipokaribia kwisha uliwekwa mwingine juu yake, na wananchi wakaambiwa ni uleule.

Miaka kumi na tisa ikapita salama. Katika sherehe ya mwaka wa ishirini, wabunge walipangwa kutoa salamu mmoja mmoja, na zamu ikamfikia Mbunge wa Chumvini.

Chumvini ni wilaya ya mashamba ya chumvi, huko pembezoni ambako barabara ya lami huahidiwa kila uchaguzi. Watu wake husema lugha ileile ya taifa zima, ila wakitamka P, au T, au K, au Ch, huisindikiza sauti hiyo kwa pumzi kidogo, kama mwenyeji anayemtoa mgeni mpaka mlangoni. Wataalamu huiita pumzi hiyo mpumuo. Wenyewe hawakuiita kitu. Walikuwa wanaongea tu.

"Pongezi!" akasema Mbunge kwa moyo wake wote na mapafu yake yote. "Pongezi, pongezi, pongezi kwa Mlezi!"

Pongezi ya nne ikauzima mshumaa.

Uwanja mzima ulishikwa na ganzi. Watu walitazama juu kuona kama mbingu inashuka. Haikushuka. Mpishi wa ikulu, aliyekuwa karibu na sufuria za pilau, akatoa kiberiti mfukoni, akauwasha, akarudi kwenye pilau lake. Kumbukumbu rasmi za Bunge zinasema mshumaa haukuzimika bali ulikonyeza. Mpishi alipewa nishani saa nane, na saa tisa akastaafishwa kwa kujua mengi. Mbunge alipelekwa kupumzika, na mpaka leo bado anapumzika.

Wiki hiyohiyo ikapitishwa Sheria ya Kudhibiti Pumzi katika Konsonanti. Mlezi mwenyewe alihutubia. Alisema nchi ina pumzi yenye kikomo, kama ilivyo na maji na subira, na kwamba kuna watu wanaoitapanya kila wanapomwita paka. "Tumewavumilia," alisema. "Sasa tutawapima."

Miongoni mwa waliokaa safu ya nane siku ile ya mshumaa alikuwepo Daktari Mbaruku Shee, mwalimu wa fonetiki katika Chuo Kikuu, mtu mwembamba aliyevaa miwani ya kamba. Wengine waliposikia pongezi ile walishtuka. Yeye aliona haya, na haya hiyo ilimtia hasira, maana alikuwa mzaliwa wa Chumvini, na aliijua pumzi ile kuliko alivyokijua kitanda chake.

Alilelewa na shangazi yake, Mwanapili Shee, mpiga pasi. Bi Mwanapili hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na pasi ya mkaa, meza, na ulimi. Alikuwa akijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya shati mpaka kola ikalowa umande mwembamba sawasawa, kisha akapitisha pasi, na nguo iliyopita mkononi mwake haikukunjamana hata mvaaji akipigana. Alimnyoosha Mbaruku pia, kwa mdomo huohuo. Mji mzima ulijua kwamba Bi Mwanapili akisema "pumbavu," kuku huhama njia.

Chumvini wana desturi moja ambayo haiko kwingine. Mtu anapofunga safari, yeye na anayebaki hutamkiana majina kwenye viganja. Unashika mkono wa mwenzio, unausogeza mdomoni, unalitamka jina lake, naye anakunja ngumi upesi kabla pumzi haijapotea. Kisha naye hukufanyia vivyo hivyo. Hawakuagana kwa machozi wala kwa zawadi. Waliachiana pumzi, na ngumi haikufunguliwa mpaka msafiri avuke daraja la mwisho. Mbaruku alipokwenda Chuo, shangazi yake alikunja ngumi mbili, moja yake na moja ya kumwonyesha jinsi ya kukunja vizuri.

Lakini huko Chuoni alichekwa. Kila alipofungua mdomo, wenzake walijifanya kofia zimepeperuka. Ndipo Mbaruku akabuni jambo. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliwasha mshumaa mbele ya midomo yake na kusema "paka, taa, kuku," akijitahidi mwali usitikisike. Mwaka wa kwanza alimaliza viberiti. Mwaka wa tatu mwali ulitikisika kidogo tu. Mwaka wa tano ulisimama wima, na Mbaruku akaajiriwa kuwa mwalimu.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, mwanafunzi wake Zakayo Lubeja.

Lubeja alikuwa kijana wa mji mkuu, mwenye adabu, mwepesi wa kubeba mizigo. Mbaruku alipoamua kurudi Chumvini kuuandika mpumuo wa kwao kabla haujapotea, kwani elimu humfanya mtu apende kwa maandishi kile alichokikimbia kwa miguu, Lubeja ndiye aliyebeba mishumaa. Miaka minne walipita mlango kwa mlango. Mbaruku aliuweka mshumaa mbele ya kila mdomo, akaandika daftarini jina, nyumba, na mwali umelala kiasi gani. Watu mia tatu na kumi na wawili. Wa kwanza alikuwa Mwanapili Shee, mpiga pasi, mlango wa buluu, mwali umelala chali.

"Haya mambo ya nini?" shangazi alimuuliza.

"Ni ya elimu tu, shangazi. Daftari hili halitatoka mkononi mwangu, wallahi."

Neno hilo alilisema kwenye nyumba zote mia na kitu. Watu wakaamini, kwa sababu ni mtoto wao. Na Lubeja, miaka yote minne, alilala kwa Bi Mwanapili, akala muhogo wake na papa wake, akaitwa mwanangu. Shati la mahafali yake alilinyoosha yeye.

Basi sheria ilipopita, Lubeja alikuja nyumbani kwa mwalimu wake mchana wa Jumamosi. Alikuja na gari la serikali na suti mpya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Zakayo. Umenenepa."

"Ni majukumu, Mwalimu." Alikuwa amekwisha kuteuliwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Taifa ya Udhibiti wa Pumzi, ambayo kwa kifupi iliitwa MTUPU, na hakuna aliyethubutu kucheka. "Mwalimu, nimekuja kabla ya wajinga kuja. Kuna watu serikalini wanataka kuwaonea watu wetu."

Alisema watu wetu. Mbaruku aliyasikia maneno hayo, yakampendeza.

"Mimi nataka kuwalinda," Lubeja aliendelea. "Tunajenga Makumbusho ya Sauti. Daftari lako litakaa kwenye kabati la kioo, jina lako juu yake. Picha ya shangazi itakuwa mlangoni. Mtu akishaingia makumbusho, nani atamgusa? Na wewe utakuwa Mshauri Mkuu wa Mpumuo wa Taifa. Bila daftari, Mwalimu, siwezi kuthibitisha kwamba wale ni hazina."

Mbaruku alimaliza kwanza kikombe cha chai. Alikumbuka wallahi yake. Akakumbuka pia kwamba katika miaka thelathini ya kufundisha hakuna aliyewahi kumpa kabati, la kioo wala la mbao. Akainuka, akalitoa daftari chini ya godoro.

"Utanirudishia?"

"Mwalimu!" Lubeja aliweka mkono kifuani, akaonekana kuumia kweli. "Mimi nimekula muhogo wa mama yule."

MTUPU ilianza kazi kwa ari ambayo nchi haikupata kuiona tangu siku ya kugawa viwanja. Kupuliza chai kulipigwa marufuku, na wananchi wakashauriwa kuisubiri kizalendo. Waamuzi wa mpira walinyang'anywa filimbi, wakapewa kengele za ng'ombe, na mechi moja ikavurugwa na ndama. Wasomaji wa taarifa ya habari walisoma wakiwa na pamba mdomoni, na kwa mara ya kwanza wasikilizaji walikiri kwamba habari zinaeleweka kama zamani. Mwenye kikohozi alitakiwa kujaza fomu kabla ya kukohoa. Wapiga pasi wote waliamriwa kulowesha nguo kwa kidole. Kwenye kila jengo la serikali lilitundikwa bango lenye picha ya mwali uliosimama wima, na chini yake maneno: MSHUMAA HAUSEMI UONGO. Dkt. Mbaruku Shee.

Maneno hayo aliwahi kuyasema kweli, darasani, akiwaeleza wanafunzi kwa nini mtu asiamini masikio yake mwenyewe. Alipoyaona barabarani mara ya kwanza, alivuka upande wa pili.

Makumbusho hayakujengwa. Badala yake, mwezi wa tatu, gazeti la serikali lilichapisha orodha ya Washukiwa wa Pumzi Wilayani Chumvini, watakaopimwa mbele ya Tume, na watakaoshindwa wahamishiwe Bonde la Upepo, jangwa moja lililo mbali na kila mshumaa. Mbaruku alilifungua gazeti mezani, na kijiko kikamdondoka.

Orodha haikufuata alfabeti. Ilianza na mlango wa buluu. Ikaenda kwa mwenye kisima, ikakata kona kwa fundi cherehani, ikarudi nyuma kidogo kwa yule bibi waliyemruka kwa sababu ya mbwa, ikapanda kwa maimamu wawili ndugu. Zilikuwa nyayo zake. Serikali ilikuwa imepita mlemle alimopita, na hata Mzee Kibwana wa mashine ya chumvi, aliyefariki mwaka wa pili wa utafiti, aliitwa afike bila kukosa. Alipokosa, baadaye, iliandikwa kwamba anabana pumzi kwa makusudi.

Namba moja: Mwanapili Shee, mpiga pasi.

Mbaruku alikwenda MTUPU bila kufunga vifungo vya shati vizuri. Lubeja alimpokea kwa mikono miwili na kumwagizia soda.

"Umenisaliti, Zakayo."

"Mimi? Mwalimu, nimekupandisha. Nenda ukatazame mabango."

"Ulisema utawalinda!"

"Na ninawalinda. Nawalinda na taifa, na taifa nalilinda nao. Sasa sikiliza." Lubeja aliegemea kiti chake kilichokuwa na mgongo mrefu kuliko wa waziri. "Hakuna anayehukumiwa kwa daftari. Daftari linatuonyesha nyumba tu. Kinachohukumu ni mshumaa. Shangazi akipita, namwandikia cheti kwa mkono wangu. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mshumaa hauna ndugu."

"Yule mama alikuita mwanangu."

"Ndiyo maana nimempa namba moja," alisema Lubeja kwa upole. "Asisubiri foleni juani."

Na baya zaidi ni kwamba aliposema hivyo alikuwa anaamini anatenda wema. Mbaruku alimtafuta mwongo usoni pake asimwone. Aliona mwanafunzi wake bora, aliyepata alama zote.

Mbaruku alishuka Chumvini na boksi la mishumaa. Alimkuta shangazi yake kibarazani akilowesha suruali kwa kidole, kama sheria inavyotaka, akilaani kila inchi ya kitambaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiwe, au bango limeshuka?"

Akamweleza yote. Hakuficha daftari wala kabati la kioo. Shangazi alisikiliza akiwa ameshika pasi juu juu mpaka mkaa ukaanza kufifia.

"Uliniapia wallahi," alisema mwishowe.

"Nilikuapia."

"Kisha ukampa."

"Nilidhani nakulinda, shangazi. Na nilitaka..." Akaifuta miwani yake. "Nilitaka nionekane."

Bi Mwanapili alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Maskini. Si ungevaa nguo nyekundu?"

Mbaruku akamwomba ajifunze kubana pumzi. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya Tume. Akawasha mshumaa, akamwonyesha jinsi ya kubana koo, jinsi ya kuiachia P kabla haijajaa, jinsi ya kuimeza pumzi ikiwa bado changa. Shangazi alijaribu, si haba, kwa sababu aliyaona machozi ya mtoto wake. Alibana mpaka mishipa ikamtoka. Akasema "paka," na mshumaa ukazimika, na majivu ya pasi yakamrukia daktari kwenye miwani.

Siku ya tatu aliusukuma mshumaa kando.

"Hebu niambie, Mbaruku. Haya ya kubana umeyajulia wapi?"

Ikambidi aseme. Asubuhi zile za Chuoni, viberiti, miaka mitano. Shangazi alimtazama kama anayetazama shati ambalo amelinyoosha mwenyewe, kumbe si la yule aliyedai ni lake.

"Kwa hiyo hawa hawakubuni kitu," alisema. "Kumbe walijifunza kwako namna ya kuionea haya pumzi yetu."

"Ipo bado, shangazi. Niliiweka tu pembeni. Nikitaka narudi nayo."

Shangazi aliingia ndani akafunga sanduku lake.

Tume ilikaa asubuhi ya siku ya kumi katika shule ya msingi. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili upepo wa bure usije ukahesabiwa. Wajumbe watano walijifunga vitambaa mdomoni, na Mkurugenzi Lubeja akakaa katikati. Pembeni, kwenye kiti chenye mto, alikalishwa Mshauri Mkuu wa Mpumuo. Nje, watu mia tatu na kumi walisubiri juani, na nafasi ya Mzee Kibwana ikaachwa wazi.

"Namba moja!"

Bi Mwanapili aliingia na kanga mpya na sanduku mkononi. Alimtazama Lubeja kola.

"Nani kakunyooshea hiyo? Imekunjamana."

Lubeja, Mungu ni shahidi, aligusa kola yake. "Shikamoo, mama. Tafadhali sema: paka, taa, kuku."

"Paka," alisema Bi Mwanapili, na mshumaa ukazimika. Ukawashwa. "Taa," ukazimika. Ukawashwa. Aliposema "kuku" ulizimika wa Tume, na wa akiba, na karatasi za karani zikaenda kutafuta mlango. "Mnao mwingine?" aliuliza. "Bado ninayo."

Karani akagonga muhuri: Bonde la Upepo.

"Mshauri Mkuu athibitishe," Lubeja alisema bila kumtazama mwalimu wake.

Mbaruku alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu moyo wake ulitulia, kwa sababu alikuwa ameamua. Kama hakuweza kumtoa, angekwenda naye. Angembebea sanduku na mkaa.

"Na mimi ni mtu wa Chumvini," alisema. "Nimezaliwa mlango wa buluu. Nipimeni."

"Mwalimu, si lazima," alinong'ona Lubeja.

"Nipimeni!"

Wakauwasha. Mbaruku akauinamia mshumaa, akafumba macho, akaikusanya Chumvini yote kifuani mwake: harufu ya mkaa, umande juu ya kola, matusi ya kuhamisha kuku. Akaitoa.

"Paka."

Mwali ulisimama wima.

"Taa," alisema kwa nguvu zaidi. Mwali ulisimama. "Kuku! Paka! Pongezi! Taa!" Alipaza sauti mpaka mate yakaruka juu ya meza, nao mwali umesimama tu, umenyooka, hauna habari. Mwishowe alijaza mashavu akaupuliza ukazimika.

"Kupuliza si mpumuo," alisema karani, akisoma. "Kifungu cha nne cha Kanuni. Kimenakiliwa daftarini mwa Mshauri Mkuu mwenyewe."

Wajumbe walivua vitambaa ili wapate kupiga makofi. Mmoja alisema tangu Tume iundwe hajaona konsonanti safi namna ile. Lubeja aliandika cheti kwa mkono wake, kama alivyoahidi, Cheti cha Pumzi Safi, namba moja, na alipokitoa machozi yalimlengalenga kwa fahari ya mwanafunzi.

Nje gari lilikuwa linanguruma. Mbaruku alimkimbilia shangazi yake, cheti bado mkononi kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kukitupa. Walinzi, wakiona ni Mshauri Mkuu, walimpisha.

"Shangazi. Tuachiane."

Bi Mwanapili aliweka sanduku chini. Aliushika mkono wa Mbaruku, akausogeza mdomoni, akalitamka jina lake lote, Mbaruku mwana wa Shee. K ya jina hilo ilimpiga kiganjani yenye joto, kama ilivyompiga miaka thelathini na tano iliyopita. Akakunja ngumi upesi.

Kisha shangazi akanyoosha kiganja chake.

Mbaruku alikiinamia mpaka midomo ikakaribia kugusa ngozi iliyokakamaa kwa pasi. "Mwanapili," alisema. Shangazi alisubiri. Alikisogeza kiganja karibu zaidi, kwa huruma, kama mtu anayedhani kosa ni la mkono wake. "Mwanapili," alisema tena. "Shangazi, Mwanapili."

"Hakuna kitu, mwanangu," alisema polepole.

Akachukua sanduku kwa mkono wa kushoto, akapanda gari, akakaa karibu na dirisha. Watu waliokuwa nyuma yake orodhani walipimwa, wakashindwa, wakaingia mmoja mmoja mpaka gari likajaa, kila mmoja na ngumi yake iliyokunjwa. Gari likapita mashamba ya chumvi, likavuka daraja la mwisho, na mkono wa kulia wa Bi Mwanapili ulikuwa bado nje ya dirisha, kiganja wazi.